Nani Anakula Intaneti ya Nyumba Hii?

Mzee alihesabu saba. Alihesabu kwa vidole, barazani kwake Tabata, Jumapili baada ya pilau: simu yake, simu ya mkewe, simu ya binti, kompyuta mpakato ya binti, kishikwambi cha kitindamimba wa darasa la sita, runinga ya sebuleni, na simu ya nesi aliyepanga chumba cha uani. Ruta ikasema kumi na nne.

"Sasa hao saba wengine nimewazaa lini?" akauliza, na kesi ikafunguliwa papo hapo.

Manung'uniko yenyewe yalikuwa na wiki mbili. Kila jioni picha ya mpira inakwama, kiduara kinazunguka, na shangwe za goli zinasikika kwa jirani wakati kwa mzee mpira bado uko katikati ya uwanja. Mzee ndiye anayelipia intaneti kila mwezi. Nesi anachangia robo pamoja na kodi ya chumba. Kwa hesabu za mzee kuna mtu anayekula bila kuchangia, au anayekula kuliko alichochangia, na mtu huyo ama yuko nyuma ya ukuta wa jirani, ama yuko uani. Nesi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akivuta muda kabla ya zamu ya usiku, alilisikia neno "uani" na kuweka kikombe cha chai chini.

Aliyedakia ni mpwa, fundi wa mitandao aliyekuja kula tu. Yeye na mzee huitana mjomba, wote wawili. "Mjomba," alisema, huku kwenye simu ya mzee ameshaandika 192.168.1.1 na kuingia kwa nywila iliyobandikwa chini ya ruta, ileile iliyotoka nayo dukani, "tukianza kufukuza kabla ya kutambua, wa kwanza kutoka nje atakuwa shangazi."

Hoja ya mzee haikuwa ya kubezwa. Ametoka zama za mjumbe wa nyumba kumi, mtu aliyejua nani kalala nyumba ipi na mgeni wa nani kateremka na basi la jana. "Humu mjumbe ni mimi," alisema. "Kila chombo kiwe na jina na kiwe na mwenyewe. Kisicho na mwenyewe, nje. Na nijue kila mtu anafanya nini humo ndani, kwa sababu siku polisi wakija na namba ya intaneti hawatamuuliza mpangaji. Wataniuliza mimi niliyesaini."

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Ndani ya nyumba, ruta humgawia kila mmoja anwani yake, zile zinazoanza na 192.168, fungu lililotengwa kwa matumizi ya ndani tangu 1994. Zikitoka nje, zote huvaa sura moja. Simu ya nesi, kishikwambi cha mtoto na taa ya getini, kwa mtu aliyeko ng'ambo, ni nyumba moja isiyo na vyumba. Baya likifanywa na mmoja, jina linalotajwa ni la mwenye mkataba.

Binti, aliye mwaka wa tatu wa sheria, hakubisha sehemu ya kwanza. Alibisha ya pili. "Baba, mjumbe alijua nani kalala wapi. Hakutega sikio mlangoni asikie wanazungumza nini."

Wangeendelea kurushiana maneno hayo hadi magharibi kama fundi hangeigeuza simu ili orodha ionekane na wote.

Kila mstari una mambo matatu: jina ambalo kifaa kimejiita, anwani ya ndani kilichopewa, na anwani ya MAC, yaani alama kumi na mbili za tarakimu na herufi. Hii ya tatu ndiyo iliyozoeleka kuwa cheti cha kuzaliwa cha kifaa. Alama sita za mwanzo kiwanda huzipata kutoka IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki. Sita za mwisho kiwanda hujipangia chenyewe. Sajili ya IEEE iko wazi kwa yeyote, na programu za simuni kama Fing huisoma kwa niaba yako na kukuandikia jina la kiwanda pembeni.

Mzee aliweka kidole kwenye mstari wa nne. "Espressif. Huyu ni nani? Mrusi?"

"Mchina, wa Shanghai. Anatengeneza chipu ndogo za waifai zinazotiwa ndani ya taa na soketi. Ile taa ya getini inayojiwasha mwenyewe, mjomba, uliyoinunua Kariakoo. Na ndugu yake wa mstari wa tano ni soketi ya friji."

Hilo ni kosa la kila siku. Mara nyingi orodha humtaja aliyetengeneza chipu, wala haimjui aliyechapisha jina kwenye boksi, hivyo taa iliyonunuliwa kwa jina moja hujitokeza kwa jina jingine kabisa na mwenye nyumba hukesha akiwaza jasusi. Watuhumiwa wawili wakaachiwa. Kamera mbili za ulinzi, ya getini na ya uani, zilijitaja zenyewe, nazo zikaachiwa, ingawa fundi alizitia alama ya kurudiwa baadaye.

Mstari wa tisa ndio ulioleta kelele. Hauna jina. Anwani yake inaanza na 9E, na kwenye sajili hakuna kiwanda kinachoidai.

"Huyo hapo! Anajificha."

Fundi alimwonyesha herufi ya pili. Katika anwani ya MAC, alama ya pili ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani, kifaa kimejitungia. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu kwa kawaida hujitungia anwani mpya kwa kila mtandao inaoingia, ili maduka na viwanja vya ndege visiweze kuinusa na kuifuata kutoka sehemu hadi sehemu. Na ruta ya mzee inatangaza waifai kwa majina mawili, moja likiwa na 5G mwishoni (ambayo haihusiani kabisa na 5G ya minara ya simu, ila ndivyo viwanda vilivyoamua kutuchanganya). Simu iliyowahi kuingia kote kuwili huwa na anwani mbili, na ruta, ambayo kwa kawaida hukumbuka waliopangiwa anwani kwa saa kadhaa, huiandika mara mbili. Binti aliihamisha simu yake kutoka jina moja kwenda jingine. Mstari wa pili ukazimika, wa tisa ukawaka kijani.

Mwizi wa kwanza kukamatwa akawa mwanasheria.

"Basi tuandikishe anwani," mzee hakukata tamaa. "Zilizoandikishwa ziingie, zisizoandikishwa zigote."

Ruta nyingi zina kipengele hicho, na wengi hukiwasha wakadhani wamejenga ukuta. Fundi alikiita pazia. Simu halali ikibadili anwani, inafungiwa nje na mwenyewe anakupigia kelele saa nne usiku. Na anayejua anachofanya hahitaji kubahatisha: anwani za MAC husafiri hewani bila kufichwa, hata pale mtandao unapolindwa kwa nywila, kwa hiyo atasikiliza, atachagua moja iliyokubaliwa, na kuivaa.

"Si mbadilishe nywila tu?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Kwa maneno hayo machache alikuwa amemaliza nusu ya kesi, ila wanaume wawili walikuwa bado wanafaidi orodha.

Orodha ya ruta nayo si msahafu. Kifaa kilichojipangia anwani ya ndani chenyewe kinaweza kukosekana humo. Kwa hiyo fundi alifungua kompyuta mpakato na kuendesha Nmap, programu ambayo Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997 na ambayo mafundi bado hawajaitupa. Kazi yake nyumbani ni rahisi kueleza. Inapaza sauti ndani ya mtandao: mwenye 192.168.1.2 ni nani? Mwenye 192.168.1.3 ni nani? Hivyo hivyo hadi 254. Kifaa kinaweza kugoma kujibu maswali mengine yote, lakini hili hakigomi kama kipo macho, kwa sababu kisipojibu hata ruta haitajua pa kukipelekea data zake. Utaratibu huo unaitwa ARP na uliandikwa mwaka 1982, kabla ya binti na fundi kuzaliwa. Hakuna kifaa kipya kilichojitokeza.

Mstari wa kumi na moja ulikuwa simu ya bei nafuu ambayo hakuna aliyeitambua. Hapa fundi alitumia mbinu isiyofundishwa chuoni: kifungie, kisha sikiliza nani analia. Alikifungia. Dakika mbili zikapita, mluzi ukapigwa nyuma ya ukuta, na sauti ya mtoto ikafuata: "Oyaa! Waifai yenu imekata!"

Macho yote yalimgeukia kitindamimba. Pasiwedi aliiuza kwa ubuyu wa shilingi mia mbili.

Mzee alitaka ushindi wake, na alistahili kidogo. Lakini fundi alipofungua ukurasa unaoonyesha kila kifaa kimetumia kiasi gani, simu ya nyuma ya ukuta ilikuwa imekula kidogo mno: video fupi za jioni mbili tatu. Aliyekuwa akiikwamisha mechi hakuwa yeye. Hakuwa nesi pia.

"Naomba kuuliza, Mzee," nesi alisema. Alikuwa kimya muda wote huo. "Hiyo orodha imeandika nini juu yangu?"

Fundi alisita, kisha akamsomea. Ruta hii huweka kumbukumbu ya siku saba. Simu yako, dada, iliingia Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, ikatoka saa kumi na mbili jioni. Jumanne hivyo hivyo. Alhamisi haikuonekana kabisa hadi Ijumaa mchana.

Kikao kikapoa. Hakuna aliyemuuliza Alhamisi alikuwa wapi, na ukimya huo ulikuwa swali tosha.

"Kamera ya getini naiona," nesi alisema taratibu. "Nikipita chini yake najua nimepita. Hii hakuna aliyeniambia kama ipo."

Mpaka hapo mabishano yalikuwa juu ya tovuti na ujumbe, mambo ambayo ruta ya nyumbani kwa kweli huyaona kwa shida. Tovuti nyingi sasa hufungwa kwa HTTPS, na ujumbe wa WhatsApp umefungwa mwanzo hadi mwisho tangu 2016. Ruta imebaki kama konda wa daladala: anajua umepandia wapi, umeshukia wapi na mzigo wako una ukubwa gani, safari yako inahusu nini hajui. Lakini nesi alikuwa ameshika penye moto. Saa ya kuingia na saa ya kutoka zinatosha kumchora mtu. Simu huungana na waifai mwenyewe akiwa bado anafungua geti, kwa hiyo orodha isiyo na neno hata moja la siri ni daftari la nyendo, na daftari hilo mikononi mwa mwenye nyumba mdadisi, au mume mwenye wivu, halina udogo.

Binti alipata pa kusimamia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu faragha ya nafsi yake, maisha yake ya kifamilia na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya 2019, wanaziacha nje shughuli za mtu binafsi au za nyumbani kwake. "Sasa niambieni," alisema, "mpangaji anayelipa robo ya intaneti ni mtu wa nyumbani, au ni mteja wa baba?"

Hakuna aliyemjibu, na pengine ndiyo sababu alisoma sheria.

"Mimi nina mtoto wa darasa la sita humu," mzee alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Nisimwangalie?"

Hapo fundi na binti walikubaliana kwa mara ya kwanza. Mtoto aangaliwe: kishikwambi kiwekewe saa za kuzimika, tovuti za ovyo zichujwe, na aambiwe wazi kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Mtu mzima ni habari nyingine. "Tukitaka kumbukumbu ya majina ya tovuti, naiwasha sasa hivi," fundi alisema. "Kwa wote. Tuanze na simu yako, mjomba?"

Mzee alikohoa. Jikoni mama alicheka peke yake kwa muda mrefu kiasi.

Ukweli ni kwamba ugomvi huu wote ulielekezwa kusiko. Katika nyumba nyingi watu huhesabu watu: jirani, mpangaji, dada wa kazi. Vitu hawavihesabu. Mzee hakuitaja taa, hakuitaja soketi, hakuzitaja kamera alizozifunga mwenyewe kwa ngazi. Na mstari wa kumi na nne hakuutaja hata baada ya kuonyeshwa, kwa sababu kwake kile kijisanduku cheusi cha Android kilichokaa nyuma ya runinga si kifaa. Ni sehemu ya runinga. Ndicho kinachomletea mpira.

Fundi aliweka kidole juu ya namba mbili. Kifaa cha kutazamia hupokea sana na kutuma kidogo. Hiki, kati ya saa sita na saa kumi usiku, runinga ikiwa imezimwa na watu wamelala, kimetuma kuliko kilivyopokea. Na jioni hakijaacha.

Akaanza mbali kidogo. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikigonga milango ya kamera na ruta za majumbani. Haikuwa na ujanja mkubwa: ilibeba orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini, mithili ya admin na 12345, ikijaribu moja baada ya nyingine. Jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa njia hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani tarehe 21 Oktoba 2016, na kwa saa kadhaa Twitter na Netflix hazikupatikana kwa watu wengi. Walioiandika walikuwa vijana watatu wa Kimarekani. Walikiri makosa Desemba 2017. Afrika haikusalimika. Mwaka huohuo wa 2016 jeshi la aina hiyo lilielekezwa Liberia, kwa kampuni ya simu ya Lonestar, na Mwingereza aliyeliongoza alikuwa amekodiwa na mtu wa kampuni shindani. Januari 2019 alihukumiwa kwao miaka 2 na miezi 8 jela.

"Kamera zetu zina nywila gani?" binti aliuliza.

Mzee hakukumbuka kama aliwahi kutakiwa kuichagua. Tangu 29 Aprili 2024 Uingereza imepiga marufuku kuuza vifaa vya namna hiyo vikiwa na nywila moja ya kubahatishika kwa wote. Kariakoo si Uingereza.

Visanduku vya Android vina shida mbaya zaidi, kwa kuwa vingine hufika na ugonjwa ndani ya boksi. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Human Security walieleza mtandao waliouita BADBOX, wa vifaa zaidi ya 74,000 vilivyotoka vikiwa na mlango wa nyuma. Julai 2025, Google ilipowashtaki waendeshaji wa toleo lake la pili, ilitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Mwezi uliotangulia FBI ilikuwa imetoa tahadhari yenye dalili za kuangalia: kisanduku cha chapa isiyojulikana, kinachotangazwa kuwa kitakupa vipindi bure, kinachokutaka uzime kinga ya Google kabla ya kukitumia. Kazi ya baadhi ya visanduku hivyo ni kukodisha mlango wako. Mtu asiyejulikana, popote alipo, anaingia tovuti anazotaka akipitia kwako, na huko anakokwenda anaonekana kuwa ni wewe.

"Kinga ya Google uliizima?"

"Aliyeniuzia ndiye aliyeizima. Alisema inakwaza."

"Sijasema kina ugonjwa, mjomba. Nasema kina dalili."

Kazi iliyobaki ilichukua nusu saa. Nywila ya ruta ikabadilishwa, ya waifai ikabadilishwa, za kamera pia. WPS, njia ya mkato ya kuingia waifai, ikazimwa, kwa kuwa namba yake ya tarakimu nane, kama alivyoonyesha Stefan Viehböck mwaka 2011, hukaguliwa vipande viwili na hivyo huvunjika kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Taa, soketi na kamera zikahamishiwa waifai ya wageni, ambako haziwezi kuzifikia simu na kompyuta za watu. Kumbukumbu ya kuingia na kutoka ikazimwa nesi akishuhudia. Mtoto wa jirani alipewa waifai ya wageni pia, kwa masharti ya mama na si ya mzee.

Kisanduku kikabaki.

"Nacho kipeleke kwa wageni," mzee alisema.

"Kukihamishia huko kutawakinga ninyi mliomo ndani. Wanaopita humo kwenda nje hakutawazuia. Wataendelea kutoka kwa sura ya nyumba hii." Fundi hakutaja polisi. Aliyewataja alikuwa mzee mwenyewe, saa mbili zilizopita, na wote walikumbuka.

Binti alikuwa ameandika orodha yote kwenye daftari la mdogo wake: jina la kifaa, mahali kilipo, mwenyewe. Mistari kumi na mitatu ilikuwa imejaa. Nesi alisimama, akaaga, akaomba apigiwe simu geti likifungwa mapema. Binti akainua kalamu.

"Wa kumi na nne, mwenyewe niandike nani, Baba?"

Mzee alitazama ndani, kule sebuleni, taa ndogo ya bluu ilikokuwa ikikonyeza nyuma ya runinga.

"Mechi ya Simba na Yanga ni lini?"

"Jumamosi."

"Basi hapo acha wazi kwanza."